Mugunga: «kwetu» ni wapi?

Februari 2025, siku chache nyuma ya M23 kuingia Goma, wakimbizi wa ndani waliokuwa kambini Bulengo, karibu na Mugunga, walipewa masaa 72 ya kutoka. Kila mtu arudi kwao. Mahema yakavunjwa, watu wakafunga maturubai na sufuria mgongoni, wakashika barabara ya Sake. Neno «kwao» lilisemwa kama jambo jepesi. Huku kwetu Mugunga si jepesi.

Wenye kusoma jiografia ya binadamu wanapanga maeneo ya utamaduni kwa namna tatu. Ya kwanza ni ile ya ramani za shule: kila eneo na kabila lake na lugha yake. Masisi ni Wahunde, Walikale ni Wanyanga, Lubero ni Wanande. Ukweli uko ndani: bami wako, na vilima vina majina ya lugha hizo. Lakini ramani hiyo inaficha mengi. Kuanzia 1937 mpaka 1955, Wabelgiji walileta Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda kwa kazi ya mashamba. Kule Rutshuru, wasemaji wa Kinyarwanda walikuwako tangu mbele ya ukoloni. Mwaka 1993, watu waliuana Walikale na Masisi juu ya swali lile lile: nani mwenyeji, na udongo ni wa nani?

Namna ya pili ni eneo linaloshikwa pamoja na mji na barabara. Hapo ndipo Mugunga inaonekana vizuri. Barabara yetu inafika Sake, inagawanyika: moja inapanda Masisi, ingine inafuata ziwa mpaka Minova. Maharage, viazi, jibini na makala vinashuka, chumvi na sabuni vinapanda. Sokoni utasikia Kihunde, Kinyarwanda, Kihavu, Kinande. Lakini bei inasemwa kwa Kiswahili, na watoto wanagombana kwa Kiswahili. Februari 2024, vita ilipokata njia za Sake, bei ya chakula ilipanda Goma nzima. Njaa haikuuliza mtu: «Uko muntu wa wapi?»

Ya tatu ni eneo la moyoni, vile watu wenyewe wanajisikia. Mugunga imejengwa juu ya mawe ya volkeno na juu ya kambi: wakimbizi wa Rwanda kuanzia 1994 mpaka Novemba 1996, kisha wakimbizi wa ndani wa vita vyetu, awamu kwa awamu. Mei 2021, nyuma ya Nyiragongo kulipuka, watu wa Goma nao walipita hapa wakikimbilia Sake. Tarehe 3 Mei 2024, makombora yalianguka kwenye kambi za huku na kuua watu, watoto wengi wakiwemo. Mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye hajawahi kuona kilima cha baba yake, anaporudishwa «kwao» anapelekwa wapi?

Tuseme wazi: hatukatai mtu kurudi. Wengi wanatamani shamba lao kuliko hema. Lakini anayepanga kurudisha watu kwa kufuata ramani ya kabila anapanda mbegu ya 1993. Anamrudisha mtu kwa «watu wake» wakati shamba lake liko kilima kingine, ama limekaliwa na mwingine. Na yule aliyeishi Mugunga miaka kumi anageuzwa mgeni kwa siku moja.

Maswali ya kuuliza ni mengine. Shamba lako liko wapi, na nani analilima leo? Njia iko salama? Watoto wanasoma wapi? Majibu yake yanaweza kuandikwa na kuhakikishwa pamoja na majirani wa makabila yote. Kabila peke yake haimwambii mtu atalala wapi leo usiku.