Lweba: Pesa kidogo isiliwe na lensi ndefu

LWEBA, FIZI – Kati ya vijana wanaoishi kwa kamera pembeni ya ziwa Tanganyika, kuna imani moja iliyokomaa kama dini: eti mpiga picha anatambulikana kwa urefu wa lensi yake. Mwenye lensi fupi ni mwanafunzi, mwenye lensi ndefu kama mchi wa kinu ndiye bosi. Imani hiyo inakula pesa za watu. Inakula mtaji wa vijana, inakula mikopo ya vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo akina mama wamejaza kwa kuuza ndagala na mihogo, na mwishowe inawanyima picha nzuri familia zile zile zinazozihitaji kuliko wengine.

Mambo yanakwenda hivi. Kijana ana kamera ya Canon ya mtumba, pamoja na lensi yake ya kwanza, ile ya 18-55 inayouzwa na kamera. Amechanga pole pole, amekopa kidogo, amefikisha dola 150 hivi. Anampa mfanyabiashara anayesafiri Bujumbura ao Kigoma na kumwambia amletee zumu ya 75-300. Inafika. Anaivaa shingoni siku ya ndoa, watoto wanamfuata nyuma, wazee wanampisha. Jioni anafungua picha: bibi harusi ana nyuso mbili, mkono wa mchungaji umekuwa moshi, na waimbaji wa korali wanaonekana kama wako ndani ya maji. Kisha analaumu kamera na kuanza kutafuta dola 400 za kamera nyingine.

Kamera haina kosa. Zumu hiyo ya Canon EF 75-300 III ni ya mwaka 1999, na haina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Ikivutwa mpaka mwisho, mlango wake wa mwangaza hauzidi f/5.6. Ilitengenezwa kwa mtu anayesimama nje, kwenye jua kali, akipiga kitu kilicho mbali. Sasa kila mpiga picha wa Lweba ajiulize kwa ukweli: mkate wake unatoka kwenye kitu kilicho mbali?

Unatoka kwenye picha za pasipoti za makaratasi. Unatoka kwenye ndoa, mahari, ubatizo, kilio, proklamasio ya shule mwezi wa saba. Karibu yote hayo yanafanyika ndani ya nyumba ya matofali yenye dirisha dogo, ndani ya kanisa lenye balbu mbili za pano ya jua, ao chini ya bashi saa kumi na mbili jioni. Mtu anayepigwa picha yuko hatua mbili tatu. Adui ni giza, wala si umbali.

Na giza lina hesabu yake. Lensi ya 50 yenye mlango wa f/1.8 inaingiza mwangaza karibu mara 10 kuliko zumu iliyo kwenye f/5.6. Maana yake ni hii: pale ndani ya kanisa ambapo zumu inalazimisha kamera kufungua kwa sehemu ya 15 ya sekunde, na kila anayecheza anageuka ukungu, lensi ya f/1.8 inaruhusu sehemu ya 125, na mchezaji anasimama wazi, jasho na tabasamu vyote vikiwapo. Tena kwa lensi ya 300 kwenye kamera ndogo za aina hiyo, mkono wa kawaida unahitaji kasi karibu na sehemu ya 500 ya sekunde ili picha isitikisike. Kasi hiyo ndani ya kanisa la Lweba haipatikani hata kwa maombi ya kufunga.

Hiyo 50 si kitu cha matajiri. Canon EF 50mm f/1.8 STM ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa Marekani karibu dola 125, na ya mtumba inashuka chini ya hapo. Ina uzito wa gramu 160, chini ya chupa ndogo ya maji. Ndiyo sababu inadharauliwa! Haionekani shingoni. Mteja anaiangalia na kuuliza kama ni ya mtoto.

Basi mteja huyo aambiwe kwamba Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye picha zake zimezunguka dunia nzima, alifanya kazi miaka mingi sana akitumia zaidi lensi ya 50 tu. Na kama jina hilo liko mbali, aambiwe habari za Jean Depara wa Kinshasa. Depara alianza na kamera ndogo ya Adox aliyoinunua mwaka 1950 kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, na baadaye akawa mpiga picha wa Franco na wa usiku wote wa Kinshasa, baa na dansi, gizani kabisa. Aliwasogelea watu, hakuwavuta kwa zumu.

Hapo ndipo neno zito la mjadala huu lilipo, na linahusu zaidi familia zilizokimbia. Watu walioshuka kutoka milima ya Fizi na Itombwe, na ndugu Warundi walio katika kambi ya Lusenda, wanajua lensi ndefu vizuri kuliko wapiga picha wenyewe. Wameziona zikiwaelekea kutoka dirisha la gari. Mama anapanga foleni ya maji, ana mtoto mgongoni na nguo iliyopasuka, na mtu asiyemsalimia, asiyemuuliza jina wala ruhusa, anamchukua sura yake kutoka mita 30 na kuondoka nayo. Picha hiyo inaweza kuonekana mahali pengi. Mama hataiona hata siku moja.

Lensi fupi inakataza wizi huo. Mwenye 50 lazima atembee mpaka kwa mtu. Lazima apige hodi, aseme "jambo mama, habari za hapa," ajibiwe, aeleze anataka nini. Mama anaweza kukataa. Anaweza kusema ngoja kwanza nibadilishe kitenge. Anaweza kuuliza atapata lini nakala yake. Maswali hayo yote mpiga picha mwenye zumu anayakwepa, na wanaotetea zumu wanaita kukwepa huko "kupata picha ya asili." Asili gani? Mtu aliyepoteza nyumba, mbuzi na makaratasi amebaki na sura yake, na hiyo nayo inachukuliwa bila hodi.

Tena familia hizi zinahitaji picha kwa sababu zisizo za mapambo. Aliyekimbia usiku aliacha karatasi zote ndani ya nyumba, na njia ya kuzipata tena mara nyingi inapitia picha ya pasipoti. Anayemtafuta mtoto anahitaji sura inayotambulikana. Baada ya 1994, huko Goma, watoto waliopotezana na wazazi wao walipigwa picha, na picha hizo zikabandikwa kambini ili wazazi wazipitie moja moja. Mzazi hamtambui mtoto wake kwa picha iliyotikisika. Anatafuta jicho, kovu, umbo la sikio. Kazi hiyo inafanywa mita moja na nusu kutoka usoni, kwa mwangaza wa mlango wa kibanda, kitambaa cheupe kikiwa kimeshikwa nyuma na watoto wawili. Hakuna studio nzuri kuliko mlango huo: jua halimpigi mtu machoni, na weupe wa bashi unalainisha kivuli.

Wenye zumu wana majibu yao, na mengine yana haki. Wanasema: je, mpira? Kweli, mechi inapopigwa nje saa tisa alasiri, zumu inafanya kazi vizuri, na anayelipwa kila juma kupiga mpira ainunue bila haya. Lakini ni nani Lweba analipwa kila juma kupiga mpira? Mechi mbili kwa mwaka zinaweza kupigwa kwa zumu ya kuazima, ao kwa kukaa nyuma ya goli. Wanasema tena: je, mkutano wa mwanasiasa mwenye walinzi wengi? Huyo anakuja na wapiga picha wake. Na kuna jambo ambalo hawalisemi: kwenye barieri, ao karibu na kambi ya askari, lensi ndefu kwa mbali inafanana na darubini, ao na kitu kibaya zaidi. Kijana mwenye kamera ndogo anaulizwa anakwenda wapi. Mwenye mchi wa kinu anaulizwa anafanyia nani kazi.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo lisifichwe. Wengine wakishasikia sifa za 50 wanauza ile 18-55 ili kuongeza pesa. Wasifanye hivyo. Kwenye kamera hizi ndogo, 50 inataka nafasi: kumpiga mtu mzima kutoka kichwa mpaka miguu unarudi nyuma mita 4 na nusu, na ukoo uliosimama upana wa mita 5 unakutaka mita 11. Sebule gani ya Lweba ina mita 11? Kwa ukoo, ile lensi ya kwanza ibaki kwenye mfuko, itumike nje mchana. Na mwenye chumba kidogo cha kupigia picha, asiyetoka sana usiku, afikirie Canon EF-S 24mm f/2.8 STM ya mwaka 2014: ukoo ule ule inauingiza kwa mita 5 na nusu hivi, ingawa mwangaza wake uko chini ya nusu ya ule wa f/1.8. Wenye Nikon ndogo kama D3100 ao D3200 wawe macho zaidi. Kamera hizo hazina injini ndani yake, kwa hiyo lensi za zamani zilizoandikwa AF-D zinaingia lakini hazijifokasi zenyewe. Watafute zenye alama ya AF-S, kama ile 35mm f/1.8G ya mwaka 2009.

Hata f/1.8 ina adabu yake. Ukimpiga mtu kwa mita moja na nusu ukiwa umefungua kabisa, sehemu inayotoka wazi ni kama sentimita 6 tu. Jicho likiwa wazi, sikio limekwisha kupotea. Fokasi iwekwe kwenye jicho lililo karibu. Watu wakiwa wawili, mlango upunguzwe mpaka f/4, na kwa picha ya pasipoti vilevile, maana pale sikio nalo ni ushahidi.

Sasa anayenunua ya mtumba asilipe kwa kuangalia picha ya simu aliyotumiwa. Amtume mtu anayejua, ao angoje lensi ifike mkononi. Amulike tochi upande mmoja na kuchungulia upande mwingine: nyuzi nyeupe kama za buibui ndani ya kioo ni ukungu, na hewa ya unyevu ya ziwa italisha ukungu huo mpaka lensi ife. Aifunge kwenye kamera, aipige kwenye f/1.8 na kwenye f/8, asikilize kama fokasi inakwama, aangalie pande zote nne za picha. Vumbi kidogo lisimtishe, halionekani kwenye picha. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ndio wa kuogopa. Na lensi isilazwe ndani ya mchele, kama wengine wanavyoshauri, maana mchele unaacha unga. Vifuko vidogo vya kukausha vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vinatosha, ndani ya ndoo yenye mfuniko mzuri.

Na dola zinazobaki? Wapo watakaosema zihifadhiwe kwa ajili ya zumu ya mwaka kesho. Wakati huo huo betri ni moja na inakufa katikati ya ndoa, kadi ni ya zamani na imekwisha kupoteza picha za ubatizo mara moja, na wateja wanaoishi kwenye vibanda hawana simu ya kupokea picha kwa WhatsApp. Mama wa foleni ya maji anataka karatasi ya kushika mkononi. Betri ya pili kwanza, kadi mpya, halafu wino na karatasi za kuchapa, na nakala ya kwanza ipelekwe kwake mwenyewe, kwa miguu.