Majani Makavu Si Takataka



Sisi tuliokulia Bujumbura au Bukavu tulilelewa na ufagio. Alfajiri mama ameshainama uani, na jua likitoka uwanja ni udongo mtupu wenye mistari ya fagio. Jani moja likibaki, utaulizwa. Tabia hiyo tumekuja nayo mpaka huku Ontario. Kila Oktoba naziona familia zetu zikikusanya majani yote ya ule mti uliomo kwenye bendera ya Kanada, kisha zinakwenda dukani kununua mbolea. Kwa heshima zote, hapo tunatupa mali.

Nyasi za huku ni za baridi. Kiangazi husinzia kwa joto, Septemba huamka, na mizizi huendelea kukua mpaka karibu ardhi igande. Basi huo ndio wakati wa kuzilisha. Pitisha mashine ya kukatia nyasi juu ya majani yakiwa makavu, hata mara mbili, yasagike. Vipande hushuka katikati ya nyasi, na nyungunyungu wanamaliza kazi. Yakiwa mengi hata nyasi hazionekani, punguza, maana zikifunikwa hivyo msimu mzima wa theluji huoza. Yanayozidi yafunikie vitunguu saumu ulivyopanda Oktoba (utavuna Julai inshaallah), au yarundike pembeni yawe mboji. Mabua ya nyanya yenye ugonjwa usiyachanganye humo.

Linaloniuma zaidi ni dawa za kuua magugu. Mji mdogo wa Hudson, Quebec, ulizizuia mwaka 1991, makampuni yakaushitaki, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaupa mji haki. Ontario nayo ilipiga marufuku kuzitumia kwa urembo wa nyasi mwaka 2009. Hata hivyo, juzi ndugu mmoja alinionyesha kwa fahari chupa aliyoinunua upande wa Marekani, na mjukuu wake anatambaa palepale anapopulizia! Mtoto hajui kusoma kibandiko. Magugu yang'oe kwa kisu baada ya mvua, udongo ukiwa laini, mzizi utoke mzima.

Na ufagio wa mama usiutupe. Peleka kwenye njia ya mbele ya nyumba na kwenye mtaro wa barabarani: majani yaliyolowa huangusha wazee, na mtaro ukiziba, maji yanaingia kwa jirani.