Mashine iandike, sisi tupime



Juma lililopita, tulipokutana kuhesabu akiba ya kikundi chetu, mama mmoja alisimama kwa hasira. Telefone ya mtunza sanduku ilionyesha kwamba anadaiwa, naye alikuwa amelipa mbele ya wengi wetu. Jina la mama likisomwa kati ya wadaiwa, hata kwa kosa, heshima yake inaumia.

Tukafungua daftari. Ni kweli, alilipa dola 5. Lakini programu ndogo ya hesabu, aliyotutengenezea kijana wetu kwa msaada wa akili bandia, ilizihesabu kama franka 5!

Kijana si mzembe. Aliiambia mashine iandike programu ya kujumlisha michango, nayo ikajumlisha. Hakuieleza kwamba hapa Kindu tunalipa kwa franka na kwa dola, na mashine haikuuliza.

Tangu ChatGPT ilipotolewa mwaka wa 2022, wasaidizi wa namna hii wamefika hata kwenye telefone za watoto wetu. Hatuwakatai. Darasani tunampenda mwanafunzi anayeandika upesi, lakini hatumpi pointi kabla ya kusahihisha daftari lake. Mashine nayo tusiiachie hivi hivi, kwa sababu inaandika kosa kwa utulivu ule ule inaoandikia ukweli.

Siku ile tulikubaliana na kijana mambo haya:

Kwanza, aeleze kazi yote kabla ya kuomba: nani analipa, kwa fedha gani, na inakuwaje mtu akilipa nusu. Tena aiambie mashine imuulize maswali kabla ya kuandika.

Pili, aombe sehemu moja moja, na kila sehemu aweze kutueleza kwa Kiswahili. Asichokielewa asikiweke.

Tatu, apime kwa hesabu ambayo jibu lake tunalijua. Tunachukua ukurasa mmoja wa daftari la zamani, wenye dola, wenye franka, wenye mama aliyelipa mara mbili na mama ambaye hajalipa. Jibu lisipolingana, programu inarudi darasani.

Nne, ahifadhi nakala ya ile inayofanya kazi kabla ya kubadili chochote. Mashine ikirekebisha huku, inaweza kuharibu kule.

Tano, majina na namba za wamama zisipewe mashine. Aandike Mama A, Mama B. Hata sheria ya nchi yetu juu ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi.

Mama yule tulimwomba msamaha mbele ya wote, naye akakubali. Lakini tulirudi nyumbani na wazo zito: tulikuwa tumepanga kuacha daftari mwezi huu. Bila daftari lile, nani angemwamini? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari linabaki, na programu inakaa kando yake.

Wamama, si lazima tujue kuandika programu. Mtoto akikuletea kazi ya mashine juma hili, ya hesabu au ya masomo, muulize swali moja tu: "Umeipima namna gani?" Akikosa jibu, kazi bado haijaisha.