Programu za Muziki na Shadda ya Kiswahili
Tangu FruityLoops, ambayo leo ni FL Studio, ilipotolewa nchini Ubelgiji mwaka 1997, mwenye kompyuta anaweza kujifunza kuunda muziki pasi na kukodi studio. Hilo ni jema. Ukiritimba wa studio ulistahili kuvunjwa. Hata hivyo, mwanagenzi huzoea upesi mno kuisogeza sauti ya mwimbaji mpaka ilingane na mistari ya mapigo kwenye skrini. Mistari hiyo haijui Kiswahili. Shadda ya “barabara” ikikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, neno ni njia ya magari. Ikirudi nyuma silabi moja, ni “sawasawa”. Pigo zito likiangukia pasipo pake, maana huyumba, naye mshairi hulaumiwa bure. Wanaofundisha programu hizi wamtake mwanafunzi ayaghani maneno kwanza, ndipo aguse kipanya.