Kiatu cha mwakani kinaumiza mguu wa leo

Kila Januari dada yangu hununua viatu vya shule kwa kanuni moja aliyoirithi kwa mama yetu: chukua namba mbili mbele, mtoto atavikulia. Sisi wenyewe tulilelewa hivyo. Nakumbuka nilianza darasa la kwanza na viatu vilivyoshindiliwa pamba mbele, na kwenye mchakamchaka wa asubuhi kiatu kimoja kilikuwa kinabaki nyuma.

Mwaka huu kanuni hiyo imemgharimu. Mwanawe wa darasa la tatu hutembea kwenda shule na kurudi, karibu nusu saa kila upande. Wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa alianza kuchechemea. Mama yake akimuuliza, anasema hakuna kitu. Ijumaa jioni nilipopita kuwasalimia nilimkuta anavua soksi taratibu, meno ameyauma. Soksi ilikuwa imegandia kisiginoni. Malengelenge yalishapasuka, yakawa kidonda, na kidonda kimeanza kutunga usaha. Alikosa shule siku nne, akatumia dawa kwa wiki nzima.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mama mdogo, mama alisema ni vya elfu thelathini, nivitunze."

Nilipomgeukia dada yangu, naye alikuwa na lake. "Wewe huna mtoto, mdogo wangu. Ningenunua vya kumkaa sawasawa, Juni ningetafuta vingine. Hela ungenipa wewe?"

Si swali la kijinga, na wazazi wengi wanaosoma safu hii wangeuliza hivyo hivyo. Kwa hiyo tupige hesabu pamoja.

Hesabu ya namba

Kwa namba za Ulaya, ile 30, 32, 34 mnayoiona kwenye viatu vingi vya watoto, kupanda namba moja ni kuongeza takriban milimita 7 za urefu. Namba mbili mbele ni sentimita 1.3 hivi. Mguu wa mtoto wa shule ya msingi kwa kawaida hukua karibu sentimita moja kwa mwaka, ingawa wapo wanaokwenda kasi na wanaokwenda polepole.

Sasa, kiatu kinachomfaa mtoto hakibani vidole. Kinatakiwa kiwe na nafasi ya sentimita moja hivi mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Nafasi hiyo ndiyo ya kukulia. Kiatu cha saizi sahihi tayari kimebeba miezi mingi ya ukuaji ndani yake. Ukiongeza namba mbili juu ya hapo, unanunua kiatu cha mwaka mwingine na kumtaka mtoto akivae leo.

Na hela haiokolewi kama tunavyodhani. Kiatu kikubwa hakikunjiki pale vidole vinapokunjika, hukunjika mbele au nyuma ya hapo, kikapata makunyanzi na kupasuka. Mtoto hukiburuza, soli ikalika upande mmoja. Siku mguu unapokitosha, chenyewe kimeshakwisha.

Kinachotokea ndani ya kiatu

Mguu mmoja una mifupa 26. Mtoto anapozaliwa sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni gegedu laini, na huendelea kukomaa hadi miaka ya ujana. Ndiyo sababu mguu wa mtoto hufuata umbo la kiatu kirahisi, na ndiyo sababu mtoto anaweza kuvaa kiatu kinachombana bila kulalamika. Ukisubiri aseme, utachelewa.

Kiatu kikubwa huacha kisigino kikipanda na kushuka kila hatua, na hapo ndipo ngozi huchubuka. Mguu huteleza mbele, vidole navyo hujikunja kukishikilia kiatu kisivuke. Mtoto hujikwaa na huchoka haraka. Kiatu kidogo nacho hukunja vidole, husukuma kucha iingie nyamani na kuota sugu juu ya vidole.

Mpime kabla hujaenda sokoni

Wazazi wengi hununua viatu mtoto akiwa nyumbani, kwa sababu kupanda naye daladala hadi Kariakoo au Karume ni nauli nyingine na usumbufu mwingine. Hakuna ubaya, ilimradi mguu wake uende nawe kwa njia hii.

Mpime jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Avae soksi za shule. Weka kipande cha boksi sakafuni kigusane na ukuta, asimame juu yake, kisigino kiguse ukuta. Asimame kwa miguu yote miwili, kwa sababu akikaa mguu haujinyooshi. Weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine si gumba bali kinachofuata. Fanya hivyo kwa miguu yote, kwa maana mara nyingi mmoja umeuzidi mwenzake, na vipimo vyote ufuate ule mkubwa. Kisha ongeza upana wa kidole chako cha mwisho, ukate kipande chembamba chenye urefu huo.

Dukani, ingiza kipande hicho ndani ya kiatu hadi kiguse mbele. Kikijikunja, kiatu ni kifupi. Kikilala sawasawa, umepata. Kikiteleza mbele na nyuma, rudisha kiatu hata kama muuzaji anakuapia kwamba watoto wote wa darasa la tatu wanavaa namba hiyo. Namba hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na namba 2 ya Uingereza ni karibu sawa na 34 ya Ulaya. Amini kipande chako cha boksi.

Kwa upana, chora unyayo mzima kwenye karatasi na uulinganishe na soli. Mchoro ukitokeza pembeni, kiatu hicho kitambana.

Mikono yako ndiyo mashine

Ukishapata urefu, kijaribu kiatu kwa mikono. Kikunje: kinatakiwa kikunjike mbele, pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kisokote kama unakamua nguo: kikisokotoka kirahisi, hakitaushika mguu njiani. Bonyeza nyuma ya kisigino: pawe pagumu kiasi, pasianguke. Pitisha vidole ndani utafute mshono mkali, gundi iliyoganda au ncha ya msumari. Kwa anayetembea mbali, chagua cha kamba au cha kubana na mkanda kuliko cha kuchomeka tu, maana kamba ndizo zinazozuia mguu kuteleza mbele.

Mtumba mzuri ni bora kuliko kipya kibaya, ila kigeuze utazame soli. Ikiwa imelika upande mmoja, au kisigino kimelala, kiatu hicho kimeshajifunza mwendo wa mtu mwingine na kitamlazimisha mwanao kuufuata. Kioshe, kianike mpaka kikauke kabisa ndani. Mtoto mwenye jozi moja akirudi amelowa, jaza magazeti ndani ya viatu usiku. Hunyonya maji, na kiatu kikavu hupunguza fangasi.

Je, kama umeshanunua kikubwa? Weka sponji ya ndani, kaza kamba, avae soksi nene kidogo. Fundi viatu anaweza kukusaidia kwa gharama ndogo. Usishindilie pamba mbele tu kama tulivyofanyiwa sisi, kwa sababu kisigino kitaendelea kupanda na kushuka. Kama ni kidogo, fundi anaweza kutanua upana kiasi, lakini urefu haongezi. Mpe mtoto mwingine kinayemtosha.

Bibi naye apimwe

Ukimaliza kwa watoto, geukia wakubwa, hasa aliye na kisukari. Mama yangu anacho. Miaka miwili iliyopita alivaa viatu vyembamba kwenye sherehe ya harusi, akarudi nyumbani akiwa mchangamfu kabisa. Usiku ndipo tulipoona damu kwenye soksi. Kidole kilikuwa kimechubuka na hakuwa na habari, kwa sababu kisukari kilishafifisha hisia za miguu yake. Jeraha ambalo kwa mjukuu wake huchukua wiki lilimchukua miezi miwili na safari nyingi za kliniki. Tulishukuru tu kwamba kidole kilibaki.

Hapa nchini Profesa Zulfiqarali Abbas ameandika tafiti nyingi kuhusu vidonda vya miguu kwa wenye kisukari, na viatu visivyofaa ni miongoni mwa vyanzo vinavyotajwa. Mtu ambaye miguu yake imepoteza hisia hawezi kuitegemea imwambie kiatu kinabana. Kipimo cha boksi ni cha lazima kwake kuliko kwa yeyote. Achague kiatu chenye nafasi ya vidole, kisigino kifupi na ndani laini. Kabla ya kuvaa aingize mkono ndani kutafuta jiwe. Kiatu kipya akivae saa moja au mbili kwanza, kisha akague miguu. Asitembee peku hata ndani ya nyumba. Na kidonda chochote, hata kidogo kisichouma, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Rudia kila baada ya miezi

Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, pima kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa anayesoma chekechea, kila baada ya miezi minne. Wa shule ya msingi, kila likizo inatosha. Kipande cha boksi hakikugharimu chochote.

Dada yangu sasa ana vipande vitatu ndani ya pochi, kila kimoja kimeandikwa jina la mtoto. Vile viatu vya elfu thelathini tuliviweka kabatini, vitavaliwa wakati wake ukifika. Kwa sasa kijana anavaa vya mtumba vya Sh12,000 vilivyolingana na kipande chake, na Jumatatu iliyopita alirudi na malalamiko mengine kabisa: ametoka golini, anataka namba tisa.

Leo jioni mwanao akivua viatu, usimuulize kama vinamuuma. Mshike miguu uitazame: visigino, ncha za vidole, kucha. Ukiona pamechubuka au pana wekundu, chukua boksi, msimamishe ukutani, umpime.