Mshikaji, Sauti ya Roki Haiko Kwenye Pedali ya Tisa

Kuna mcharaza gitaa mmoja wa bendi ya roki jijini Nairobi, jina kapuni, ambaye wenzake sasa wamemchoka. Si kwamba hajui kupiga. Anajua, tena sana. Ila kila baada ya muda anaingia mazoezini na pedali mpya na maneno yaleyale: "Safari hii nimeipata!" Anachokisaka ni ile sauti ya gitaa ya roki ya zamani, nene, inayokwaruza lakini bado inaimba. Inasemekana pedali zimefika nane, pikipiki imeshauzwa, na mchango wake wa kodi ya chumba cha mazoezi una miezi miwili haujaonekana.

Kinachochekesha ni kwamba akiwa chumbani kwake peke yake, gitaa linanguruma kama simba. Akipanda jukwaani, drams zikaanza na besi ikaingia, simba anageuka paka. Mashabiki wanaona vidole vinakimbia tu, sauti hawaisikii.

Jamani, ukweli usemwe: huyu hahitaji kuongeza kitu. Anahitaji kupunguza.

Hao wakongwe anaowaiga walianzia wapi? Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga drams aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London, pamoja na mafundi wake walichukua muundo wa Fender Bassman, amplifaya ya Kimarekani iliyokusudiwa gitaa la besi, wakaunda ya kwao, JTM45. Ndani kulikuwa na valvu za kioo, kama zile za redio za zamani. Valvu ikipewa kazi ndogo hutoa sauti safi. Ikisukumwa hadi ukomo wake, inaanza kuelemewa taratibu, na hapo ndipo ule mkwaruzo mtamu unapozaliwa. Mwaka 1966 Eric Clapton aliingia studio na John Mayall akiwa na Gibson Les Paul na amplifaya ya Marshall, akafungulia sauti kubwa kuliko mafundi wa studio walivyozoea. Basi. Hakukuwa na msururu wa pedali sakafuni.

Na msidhani lazima mtambo uwe mkubwa. Dave Davies wa The Kinks alichana spika ya kiamplifaya chake cha bei chee kwa wembe, na mkwaruzo ule ukatikisa dunia mwaka 1964. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, iliyotoka 1969, wengi wakiisikia wanawaza ukuta wa maspika. Kumbe sehemu kubwa Jimmy Page alitumia Fender Telecaster na amplifaya ndogo ya Supro.

Sasa huyu wa Nairobi anakosea wapi? Kwanza, geini. Anaifungua mpaka mwisho, matokeo yake kila noti inatoka na uzito uleule, akigusa kwa upole au akikung'uta kwa hasira. Kule AC/DC, Angus na Malcolm Young walitumia geini ndogo kuliko wengi wanavyofikiri. Ukali ulitoka kwenye mkono na amplifaya iliyofunguliwa vizuri. Pili, anaongeza besi na trebo, halafu anaziua sauti za kati. Chumbani inapendeza. Jukwaani, chini kuna gitaa la besi, juu kuna matoazi. Gitaa la solo makazi yake ni pale katikati, na pale ndipo alipojifuta mwenyewe.

Dawa yake haina gharama. Geini ishuke hadi nusu au chini ya hapo, sauti za kati zipande, besi ipungue, kisha amplifaya ifunguliwe kadiri majirani watakavyovumilia. Kitufe cha sauti kwenye gitaa lenyewe kifanye kazi: kikishushwa mkwaruzo unapoa, kikipandishwa wakati wa solo moto unawaka.

Wapo watakaosema amplifaya ya valvu ni pesa ndefu na majirani si watu wa mchezo. Ni kweli. Lakini ya wati 5 inatosha nyumbani, nayo inafika kwenye mkwaruzo mapema. Hata hiyo si kimya, maana ya wati 50 kwa sikio la mtu ni kama mara mbili yake tu, si mara kumi. Asiyemudu kabisa atumie programu ya kompyuta inayoiga amplifaya na spika yake. Kanuni ni zilezile.

Habari za ndani ya bendi zinasema siku moja adapta ya pedali zake iliungua katikati ya mazoezi. Kwa hasira akachomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, akaongeza sauti, akapiga. Mpiga drams akasimamisha wimbo na kusema: "Hiyo hapo. Usiguse kitu."

Wiki iliyofuata, huyo huyo alionekana dukani akiulizia bei ya pedali ya tisa.

Hapo tena si suala la sauti. Ni kwamba kununua ni rahisi kuliko kukaa na kidole chako mwenyewe usiku kucha ukikifundisha adabu. Na kodi ya chumba bado inasubiri. Wadau, bendi imvumilie au imwambie achague? Shusha maoni yako hapo chini.