Khedive Ismail na Askari wa Mizinga

Mkulima wa Kiritiri aufahamu Mto Tana, ambao maji yake huishia katika Bahari ya Hindi. Bahari yenyewe iko mbali. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 vijana wengi wa bara waliiona mara ya kwanza siku walipofika Mombasa kupanda meli, na wako waliopanda Khedive Ismail.

Meli hiyo haikujengwa kwa ajili ya vita. Ilijengwa Scotland katika mwaka wa 1922 kwa kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua. Mwaka wa 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri, ikapewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Meli nduguye, Teno, ilinunuliwa pamoja nayo, nayo ikazamishwa na Wajerumani mwaka wa 1940. Mwaka huo huo Serikali ya Uingereza iliichukua Khedive Ismail iwe meli ya kuchukua askari.

Mapema mwezi wa Februari, 1944, iliondoka Mombasa kwenda Colombo, katika Ceylon, nchi ambayo leo yaitwa Sri Lanka. Meli tano za askari zilikwenda pamoja, zikilindwa na manowari. Katika Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511. Walio wengi walikuwa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, nao walikuwa wakienda kuongeza nguvu ya majeshi yaliyokabili Wajapani huko Burma. Walikuwamo pia mabaharia na wauguzi wa kike.

Tarehe 12 Februari, baada ya chakula cha mchana, karibu na visiwa vya Maldives, wengi walikuwa ndani ya meli wakitazama michezo na kusikiliza nyimbo. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ilipiga topido mbili. Meli ilivunjika ikazama kabla ya dakika mbili kwisha. Mashua za kuokolea watu hazikuwahi kushushwa, na aliyekuwa chini hakuwa na nafasi hata ya kuifikia ngazi.

Likafuata jambo gumu kuliko yote. Nyambizi ilijificha chini ya maji, na juu yake watu walikuwa wakielea, wakingoja kuokolewa. Kamanda Egan wa manowari Petard alijua kwamba akiiacha, ingeweza kuzamisha meli nyingine nne zilizojaa askari. Akaamuru mabomu ya kulipuka chini ya maji yatupwe mahali pale pale, na baadhi ya watu wale wakauawa nayo. Hata leo watu hawapatani juu ya amri hiyo. Lakini ni vigumu kumhukumu mtu aliyepewa dakika chache za kuchagua kati ya vifo na vifo.

Nyambizi ililazimika kuibuka. Manowari Paladin ilipoikaribia ilipasuliwa ubavu, na Petard ikatupa topido saba. Ya saba ndiyo iliyoizamisha I-27.

Watu 1,297 walikufa, na kati yao wanawake zaidi ya 70. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake sita. Askari wale wa mizinga hawana makaburi ambayo jamaa zao wangeweza kuyapalilia; majina yao yameandikwa katika ukumbusho ulioko makaburi ya vita, Barabara ya Ngong, Nairobi.